Sharti Lisilo na Yuniti

Digrii ya Mifumo ya Habari katika chuo chetu ina yuniti mia moja thelathini na mbili. Si mia moja thelathini na moja pamoja na mama mgonjwa. Si mia moja ishirini na tisa pamoja na barua ya mchungaji. Maneno hayo nimeyasema kwenye dirisha la ofisi ya msajili, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Loita, kwa miaka minane, na sijawahi kuyasema kwa sauti ya chini.

Naitwa Peres. Kazi yangu ni kukagua faili za wanafunzi wanaotaka kuhitimu. Ukifika mwaka wa mwisho unaniletea fomu ya manjano. Mimi natoa katalogi ya mwaka ulioingia chuoni, rula yangu na penseli, halafu tunashuka mstari kwa mstari: masomo ya jumla yuniti hamsini na nne, masomo ya fani hamsini na saba, ya hiari ishirini na moja. Somo la fani ukipata D halihesabiwi, hata kama aliyekufundisha ni mjomba wako. Hifadhidata inatangulia Uchanganuzi wa Mifumo, na Uchanganuzi unatangulia mradi wa mwisho. Ukiruka moja nakurudisha ulikotoka. Wako wanaolia. Nina karatasi shashi kwenye droo kwa ajili yao, lakini yuniti za kugawa sina.

Chini kabisa ya fomu kuna kisanduku kimoja kilichojitenga, kisicho na yuniti hata moja. Ni cha Mtihani wa Matumizi ya Kompyuta. Unapita au hupiti, basi. Kila mwanafunzi lazima aufanye, awe anasomea biashara, ualimu, au hizo kompyuta zenyewe. Yote yameandikwa kwenye katalogi, ukurasa wa arobaini na moja, na ukurasa huo ninaweza kuusoma nimefumba macho.

Mtihani wenyewe ni mwepesi hadi kuueleza naona aibu. Unawasha mashine, unaandika barua fupi, unachora jedwali, unahifadhi kwenye disketi, unachapisha. Hufanyika Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, katika chumba 306, na tangu mwaka wa elfu mbili anayeusimamia ni mimi. Mimi ndiye hupanga viti, hugawa disketi, huwaita watu majina na kuwakataza wasinong'one. Wakimaliza naandika matokeo kwenye daftari jeusi na kutia sahihi chini ya ukurasa.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi pale dirishani hawakulijua. Mimi pia nilikuwa mwanafunzi. Chuo huwaruhusu wafanyakazi wake kusoma jioni, na mimi nilianza Januari mwaka wa elfu mbili na moja, nikiwa na miaka thelathini na moja, katika hiyo hiyo Mifumo ya Habari. Saa kumi na moja na nusu nafunga dirisha, nakunywa chai na andazi moja, naingia darasani kuketi na watoto waliozaliwa nikiwa darasa la saba. Nilichukua somo moja, masomo mawili, likizo mpaka likizo. Mwezi wa nane wa mwaka wa elfu mbili na sita nilikuwa nimezimaliza zote mia moja thelathini na mbili, na jina langu lilikuwa kwenye orodha ya mahafali niliyoichapa kwa mkono wangu mwenyewe.

Baba yangu, Mzee Isaiah, aliihesabu miaka hiyo kuliko mimi. Yeye ni mtunza bustani Muthangari, kwenye boma la Bwana Kinyanjui, na amekuwa pale miaka thelathini na mmoja. Mama yuko nyumbani Vihiga. Amezoea kumwona mumewe Krismasi na Pasaka, na kila mwaka humwuliza atarudi lini. Baba alikuwa amestaafu kichwani zamani, ila miguu ilikuwa bado. Alisema haondoki Nairobi kabla hajaniona na joho. Basi mahafali yalipangwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti, na Jumapili yake baba akawa ameshakata tiketi ya basi la kwenda nyumbani. Vyombo vyake alivifunga kwenye maboksi, suti akanunua Hurlingham, na Bwana Kinyanjui akaanza kutafuta mtu mwingine.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa ile Ijumaa ambayo Ryan Wachira alikuja dirishani.

Ryan alikuwa mwenzangu darasani. Kijana wa miaka ishirini na tatu, anatoka Kikuyu, ana mikono mepesi kwenye kibodi na kichwa kizito kwenye mambo ya tarehe. Tulifanya mradi wa mwisho pamoja. Darasani aliniita Peres, lakini dirishani aliniita Madam, na mimi nilipenda aendelee hivyo. Orodha ilikuwa inafungwa siku hiyo saa kumi na moja. Yeye alifika saa kumi.

"Sasa, Madam," akasema, akinisogezea fomu.

"Poa. Hapa chini pako wazi."

"Hiyo box ya mwisho? Ah, si hiyo ni formality tu."

"Tarehe, Ryan."

"Sikufanya. Alhamisi iliyopita nilikuwa Hurlingham, kuna ofisi tulikuwa tunawekea network. Kazi ikashika mpaka jioni."

"Na ya mwezi wa saba?"

"Nilisahau."

"Ya sita?"

"Hiyo ata siwezi kudanganya. Sikumbuki nilikuwa wapi."

Nikaweka rula chini. Watu wanaonijua wanajua maana yake.

"Madam, si unanijua? Nani alitengeneza database ya project yetu? Mimi. Sasa natakiwa nionyeshe chuo kwamba najua kuwasha computer?"

"Kwa kuiwasha," nikamwambia. "Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Saa nane. Chumba 306."

"Nifungulie tu hiyo chumba saa hii. Dakika ishirini nimemaliza. Haki."

"Mtihani wa pekee unaombwa kwa barua, wiki mbili kabla ya orodha kufungwa. Ukurasa wa arobaini na moja, aya ya mwisho."

Aya hiyo niliipendekeza mimi, mwaka wa elfu mbili na tatu, nilipochoka kuwafungulia mlango watu wa dakika ya mwisho. Nakiri kwamba nilikuwa nafurahia. Kuna utamu fulani wa kumwambia mtu hodari kuliko wewe kwamba hajakamilika, na mimi niliupata huo utamu siku hiyo nikaulamba mpaka vidole.

Ryan akashusha pumzi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza baadaye. Aliegemea dirisha akasema, "Sawa, nimeshindwa. Lakini Peres, wewe ulifanya lini? Si ungenishtua tu twende pamoja."

"Mimi niliufanya..." nikaanza.

Nilijiona katika chumba 306, bila shaka yoyote. Nilijiona nikigawa disketi. Nilijiona nikimkemea msichana mmoja aliyekuja na chipsi. Nilijiona nikipanga viti, nikifuta ubao, nikizima mashine moja moja. Mara nyingi mno. Niliitafuta Alhamisi moja tu ambayo nilikuwa nimeketi, sikuiona.

"Ngoja," nikamwambia, nikavuta pazia la dirisha kama vile nimeitwa na mkubwa.

Daftari jeusi lilikuwa kwenye kabati. Nikalifungua toka ukurasa wa kwanza, na rula yangu. Alhamisi sitini na tatu, ukiondoa za likizo. Majina zaidi ya elfu mbili, yote kwa mwandiko wangu. Chini ya kila ukurasa kumeandikwa Msimamizi, halafu Peres Kavere, na sahihi yangu yenye mkia. Mara sitini na tatu chini. Juu, kwenye orodha ya waliofanya, hata mara moja.

Nikatoa fomu yangu ya manjano. Kile kisanduku kilikuwa na alama ya vyema, nzuri, imesimama. Niliiweka mimi, kwa moyo safi kabisa. Kwa wanafunzi wengine hufungua daftari nikatafuta tarehe, lakini kwangu sikufungua, kwa sababu nani hajui kwamba Peres amefanya mtihani wa Peres? Na faili za wafanyakazi hukaguliwa mara ya pili na msajili mwenyewe, ambaye alitia sahihi bila kusoma kwa sababu aliyejaza ni mimi. Niliona haya peke yangu mle ofisini.

Nilipofungua pazia, Ryan alikuwa bado amesimama pale. Aliniangalia usoni. Yule kijana haoni tarehe, lakini nyuso anaziona.

"Zii," akasema polepole. "Peres! Hujafanya!"

"Nenda nyumbani, Ryan."

"Hujafanya, na wewe ndio mwenye mtihani!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nilitamani kumrushia rula. Kisha akaacha kucheka, akauliza kwa sauti nyingine, "Sasa itakuwaje?" na mimi nikaenda kuchukua daftari.

Msajili wetu, Bi. Mwihaki, ni mama mpole anayependa mambo yaishe kabla ya saa ya chai. Nilimwendea na daftari kwapani na fomu mkononi, nikamweleza yote nimesimama. Naye alicheka. Siku hiyo nilikuwa kichekesho cha jengo zima.

"Peres, wewe utafanyaje huo mtihani? Wewe ndiye mtihani wenyewe."

"Madam, kisanduku ni kisanduku."

"Basi tukijaze." Akafungua droo, akatoa fomu ya kumwondolea mfanyakazi sharti. Nilikuwa nimeisahau. "Hii tunayo kwa watu wetu. Mimi naweka sahihi hapa, afisa wa ukaguzi anaweka hapa, mambo yamekwisha. Mpiga chapa anangoja orodha Jumatatu saa tatu."

"Na Ryan Wachira? Yeye pia amekosa hiyo hiyo."

"Ryan si mfanyakazi. Fomu hii haimhusu."

"Nimemkataa sasa hivi, Madam. Hajafika hata chini ya ngazi."

"Na ulifanya vizuri. Sheria ni sheria," akasema, akaweka sahihi yake pale pa msajili.

Afisa wa ukaguzi ni mimi. Nikasoma mstari ninaotakiwa kuutilia sahihi, ingawa sikuhitaji kuusoma. Ulisema: Nathibitisha kwamba hakuna mwanafunzi mwingine mwenye hali kama hii aliyenyimwa nafasi ya kuhitimu katika mahafali haya. Mstari huo niliuandika mimi pia, mwaka ule ule wa elfu mbili na tatu, kumzuia mkuu mmoja wa kitivo aliyetaka kumpitisha mpwa wake. Siku niliyouandika nilijiona mwerevu sana.

"Nitaileta Jumatatu," nikasema.

"Peres, ni sahihi tu."

"Nitaileta Jumatatu, Madam."

Jumamosi sikula vizuri. Nilifua nguo safi. Ryan alinitumia ujumbe kwenye simu, maneno mawili: Umepata date? Sikumjibu. Nilikuwa na hasira naye kwa kuuliza, na Bi. Mwihaki kwa kucheka, na yule mwanamke wa mwaka wa elfu mbili na tatu kwa kuandika sana. Ile fomu niliiweka ndani ya Biblia nisiione, na kila baada ya nusu saa nikaitoa kuitazama.

Jumapili baada ya kanisa nilienda Muthangari. Baba anakaa kwenye chumba cha nyuma ya nyumba kubwa, na kutoka getini unapita kwanza bustani yake, nyasi zilizokatwa sawasawa na maua ya Bi. Kinyanjui yamejipanga. Nilimkuta ndani amevaa suti. Ilikuwa ya kijivu, na mikono ilimpita kidogo.

"Naijaribu isije ikanishtukiza siku yenyewe," akasema. "Hebu tazama hapa nyuma. Inanikaa?"

"Inakukaa, Baba."

"Mbona unasema kama mtu ya matanga?"

Nikakaa juu ya boksi la vyombo, nikamwambia. Nilimweleza kuhusu kisanduku, daftari, Alhamisi sitini na tatu. Alisikiliza mikono ikiwa imeshika ukosi wa koti.

"Ngoja nielewe," akasema. "Miaka sita unapangia watu viti. Na wewe hujakaa ata kwa moja?"

"Hata kimoja."

Akanitazama. Kisha akacheka, kicheko chake cha kifua kinachoishia kwenye kikohozi, mpaka ikabidi nimpe maji. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na machozi yakanitoka humo humo kwenye kicheko, nikayaacha.

Halafu nikatoa fomu kwenye Biblia. Sitadanganya. Nilitaka aniambie nitie sahihi. Nilikuwa nimetembea njia nzima kutoka kanisani nikimsikia akilini akisema, tia, mwanangu, mama yako anangoja. Ningetia pale pale, juu ya boksi, na kalamu yake ya kuandikia majina ya mbegu.

"Karatasi hii inasema nini?" akauliza. Miwani yake ilikuwa imeshafungwa na vyombo.

"Inasema naweza kuhitimu bila mtihani. Msajili ameshakubali. Imebaki mimi kusema kwamba hakuna mwingine aliyekosa kama mimi akakataliwa."

"Na yuko?"

"Yuko. Kijana mmoja wa darasa letu. Nilimkataa mimi."

Baba alivua koti, akalinyoosha mabega, akalitundika kwenye hanga na kulirudishia ile karatasi yake ya nailoni. Akavaa gambuti zake. Kisha akatoka nje kumwagilia maua, siku ya Jumapili, baba yangu ambaye katika miaka thelathini na mmoja hajawahi kushika mpira wa maji siku ya Bwana. Nilimtazama kutoka mlangoni. Hakuniambia nitie, na hakuniambia nisitie, na nilimkasirikia kwa yote mawili.

Jumatatu saa mbili na nusu niliweka fomu mezani kwa Bi. Mwihaki. Sahihi yake ilikuwapo, yangu haikuwapo. Nikaweka na orodha mpya ya mpiga chapa, pungufu ya majina mawili.

"Peres," akasema, na safari hii hakucheka. "Baba yako je?"

"Ananijua," nikasema.

Saa nne nikabandika orodha kwenye ubao. Ryan alikuja kuitazama ingawa alijua. Alishuka na kidole hadi mwisho, akapanda tena, akashuka.

"Na wewe haumo?"

"Simo."

"Si ungejiweka tu? Nani angejua?"

"Wewe."

Akafikiri kidogo. "Kusema ukweli," akasema, "ningekuchoma. Kila mahali. Ata kwa dean."

"Najua."

"Lakini sasa siwezi. Umeniharibia hasira yangu yote." Akaondoka akitikisa kichwa, na kwenye ngazi nikamsikia anaanza kucheka tena.

Nilidhani baba angebaki nyumbani siku ya mahafali. Mimi nilikuwa na kazi, kama kila mwaka: kuwapanga wahitimu kwa kufuata orodha kwenye uwanja wa shule moja ya Kileleshwa ambao chuo hukodi kila Agosti. Saa mbili asubuhi nikiwa na kipaza sauti mkononi, nikigombana na watu waliovaa kofia kinyumenyume, nikamwona anaingia getini. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, kofia ya kanisani, viatu vinang'aa.

"Baba, si nilikuambia?"

"Uliniambia. Lakini mimi nimeambia watu ya kanisa naenda mahafali. Sikusema ni ya nani."

Akaketi safu ya tatu, kati ya familia mbili zisizomjua. Alipiga makofi kwa kila jina, majina mia nne na kumi na mbili, bila kuruka hata moja. Mama mmoja pembeni yake alimwuliza mtoto aliyemjia ni yupi, na yeye akanyoosha kidole upande wangu, nilipokuwa nimesimama na kipaza sauti.

"Ule," akasema. "Anapanga hawa wote."

Mchana nilimletea soda na sambusa chini ya hema. Nilikuwa nimejiandaa kumuaga. Nilimwuliza basi la kesho linaondoka saa ngapi, nije nimsaidie na maboksi.

"Nilirudisha tiketi," akasema.

"Lini?"

"Ile Jumatatu. Nimeongea na Kinyanjui, amekubali nikae mwaka moja tena. Alikuwa hajapata mtu. Wote walikuja hawajui kukata hiyo ua ya miti ya nyuma."

"Baba, Mama anakungoja!"

"Nilimpigia. Alinigombeza sana." Akanywa soda, akapangusa mdomo kwa kitambaa. "Nilisema sitoki Nairobi kabla sijakuona na joho. Mwaka sikutaja."

Miaka thelathini na mmoja ikawa thelathini na miwili kwa sababu ya kisanduku kisicho na yuniti. Niliumia. Niliumia kuliko nilivyoumia kukosa joho, nikamwongezea sambusa. Alizila zote.

Alhamisi ya kwanza ya Septemba, saa nane kasoro dakika kumi, nilifika chumba 306. Msimamizi siku hiyo alikuwa Joash, karani mpya niliyemfundisha kazi mwenyewe. Alikuwa mlangoni na daftari jeusi, amekaza uso, akidai kitambulisho cha mwanafunzi kwa kila mtu, nami pia. Nilimwonyesha. Akakitazama mbele na nyuma kama asiyenijua, na nikamwonea fahari. Ryan alikuwa ameshafika, safu ya mbele, kwa mara ya kwanza maishani kabla ya wakati, na ameniwekea kiti kando yake.

Nikaingia. Safu ya pili ilikuwa imepinda, nikainyoosha. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza hakuwa na disketi, nikaenda kabatini nikamtolea. Mashine ya pembeni haikuwa imewashwa. Nikaiinamia kutafuta swichi.

"Madam," Ryan akanong'ona, "angalia mlango."

Nikageuka. Baba alikuwa amesimama kwenye korido nyuma ya Joash, na suti ya kijivu, kofia ameishika kwa mikono miwili, nyasi kidogo zimeng'ang'ania pindo la suruali. Alikuwa amepanda ghorofa tatu, na kifua kilikuwa bado kinapanda na kushuka. Joash alikuwa anamweleza kwa heshima kwamba mzee, mtihani unaanza, wageni hawaruhusiwi.

"Siingii," baba akamwambia. "Nangoja kuona kitu moja tu."

Akanitazama juu ya bega la Joash, mbele ya watoto wote wale.

"Peresi," akasema. "Kaa."

Nikakaa.